Nguvu ya Mvutano na Mwendo wa Vyombo vya Anga

Mtu akipanda kutoka ziwani mpaka Kasha na gunia la makala kichwani, hutoka jasho. Akishuka, miguu yataka kukimbia yenyewe. Rusha jiwe juu: litarudi chini. Tazama pia mto Ruzizi. Hutoka katika ziwa Kivu, hapa Bukavu, ukashuka karibu meta 700 mpaka ziwa Tanganyika, na njiani maji yake huzungusha mashine za umeme. Ni nani avutaye mtu, jiwe na maji? Ni dunia yenyewe. Nguvu hiyo twaiita nguvu ya mvutano.

Mwaka 1687 Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kwamba nguvu iangushayo tunda kutoka mtini ndiyo ishikayo mwezi usipotee angani. Alitoa pia kanuni ya kuihesabu. Kitu chenye uzito mwingi huvuta sana. Kikiwa mbali, mvuto wake hupungua.

Sasa fikirini mpira unaoviringika bondeni kati ya vilima viwili. Ukishuka, mbio zake huongezeka. Ukipanda ng'ambo, mbio hupungua. Kama nyasi na udongo visingeuzuia, ungefika ng'ambo, kwenye kimo kile kile, na mbio zile zile ulizoanza nazo. Chombo cha anga kipitacho karibu na dunia hufanya vivyo hivyo. Kikija, dunia hukivuta nacho huenda mbio zaidi. Kikienda zake, dunia hukivuta nyuma, na mbio hupungua. Kikifika mbali kama pale kilipotoka, mbio zake mbele ya dunia zapaswa kuwa sawa na zile za kwanza. Njia yake tu imepinda. Wataalamu hutumia kupinda huko ili wakielekeze kwenye safari ndefu bila kuchoma mafuta mengi.

Je, mbio za chombo kilicho mbali hupimwaje? Simama kando ya barabara. Lori likija likipiga honi, mlio ni mwembamba. Likiisha kupita, mlio huwa mzito. Mawimbi ya redio yatokayo katika chombo hugeuka namna hiyo, nao wataalamu hujua mbio zake kwa usahihi mkubwa.

Tarehe 23 Januari 1998 chombo cha Marekani kiitwacho NEAR kilipita karibu na dunia. Kilipokuwa mbali, kilikwenda karibu kilometa 7 kila sekunde. Kilipoondoka, hesabu haikulingana: kilikuwa kimezidi milimeta 13 kila sekunde. Ni upana wa kidole tu! Lakini kidole hicho, kikirudiwa kila sekunde kwa siku moja, ni zaidi ya kilometa 1. Jambo kama hilo lilikuwa limeonekana mwaka 1990 kwa chombo Galileo, nalo likaonekana tena mwaka 2005 kwa chombo Rosetta, ila lilikuwa dogo zaidi.

Wataalamu wangeweza kuficha tofauti hiyo ndogo. Hawakuficha. Waliiandika, wakaitangaza, wakatafuta sababu. Mwaka 2008 wengine walitunga kanuni mpya, wakidhani kwamba kuzunguka kwa dunia ndiyo asili yake. Tarehe 9 Oktoba 2013 chombo Juno kilipita karibu na pwani ya Afrika ya Kusini. Wote walingoja. Tofauti haikuonekana! Kanuni ile mpya haikusaidia, na mpaka leo hakuna jibu lililokubaliwa na wote.

Lakini kitendawili kingine kiliteguliwa. Vyombo Pioneer 10 na Pioneer 11, vilivyorushwa mwaka 1972 na 1973, vilipunguza mbio kidogo kuliko hesabu ilivyosema. Watu walibishana miaka mingi. Wengine walidhani kanuni ya mvutano ina kasoro. Mwaka 2012 wataalamu walionyesha sababu: joto la mitambo ya ndani lilitoka zaidi upande mmoja, likavisukuma vyombo polepole. Kanuni haikuwa na kosa. Joto lilikuwa limesahauliwa katika hesabu.

Watoto, Mungu ameumba ulimwengu wenye utaratibu, naye ametupa akili ya kuuchunguza. Mwenye kupenda kweli habadilishi namba ili ilingane na jibu analolitaka. Ukipima kitu ukaona tofauti, usiifute. Pima tena, uandike ulichokiona, uulize. Tofauti ndogo yaweza kuwa kosa la kipimo, au joto lililosahauliwa, au jambo jipya ambalo hakuna aliyelijua bado.

Maswali

1. Kwa nini maji ya Ruzizi hushuka mpaka ziwa Tanganyika?
2. Mpira ukipanda kilima cha pili, mbio zake huwaje?
3. Chombo NEAR kilizidi milimeta ngapi kila sekunde?
4. Ni nini kilichopunguza mbio za Pioneer 10 na 11?
5. Zoezi: Mpime urefu wa ubao wa darasa mara tano. Andikeni namba zote, hata zisizolingana. Kisha tafuteni sababu ya tofauti.