HSA Mbili, Ritani Moja

Ndugu zangu mliooana hapa Marekani, kila msimu wa kodi naulizwa habari ya HSA, ile akaunti ya akiba ya matibabu. Basi tuelewane. Ritani yaweza kuwa moja (wenye viza ya F-1, hakikisheni kwanza kama mnaruhusiwa ritani ya pamoja), lakini HSA haina ubia. Kila akaunti ina mwenyewe mmoja, na kila mwenyewe anajaza Fomu 8889 yake. Zote mbili zinaambatishwa kwenye Fomu 1040 ile ile.

Mtego uko kwenye kikomo. Mkiwa na bima ya familia inayoruhusu HSA mwaka mzima, na wote hamjafika miaka 55, kikomo cha 2025 ni dola 8,550 kwa nyinyi wawili, sio kwa kila mtu. Mama akiwa ameshawekewa 5,000 kazini, baba asipite 3,550.

Hizo 5,000 utaziona kwenye W-2, kisanduku cha 12, herufi W. Zimo za mwajiri na zile alizokatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, kwa hiyo msizidai tena kama punguzo. Mkizidisha na ziada ikabaki humo, mnatozwa asilimia 6 kila mwaka mpaka muiondoe.