Swichi Katika Nguo

Ndugu zangu mlio madarasani, na ninyi mliokwisha kutoka, kitabu chetu cha umeme kilitufundisha kwamba katika sakiti ya njia moja swichi yaweza kuwekwa popote, na taa itazimika vile vile. Ni kweli kwa waya uliofunikwa mpira. Mimi niliyafuata maneno hayo katika nguo, nikapotea.

Mdogo wangu hurudi kutoka shule jua likiisha kutua, naye hupita kando ya barabara ya murram yenye pikipiki nyingi. Nikaazimu kumshonea kizibao chenye taa mbili za ledi, nyeupe kifuani na nyekundu mgongoni. Nilinunua uzi wa chuma kisichoshika kutu, ambao huingia katika sindano kama uzi mwingine, na betri bapa mfano wa sarafu, CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3.

Siku ya kwanza nyekundu iliwaka, nyeupe ikakataa. Nilidhani ni mbovu, lakini nilipoigusisha na betri yenyewe ikang'aa. Sababu ni hii. Ledi nyekundu hutaka volti 2 hivi, nyeupe karibu 3. Na uzi huu si shaba: wangu nilipoupima ulikuwa na ukinzani wa omu 80 kwa kila mita, na njia nzima ya kwenda na kurudi ilikuwa mita 1 na robo, yaani omu 100. Nyekundu ikiisha kuchukua volti 2, yabaki volti 1 ya kusukuma umeme katika uzi. Gawanya 1 kwa 100, utapata ampea 0.01, nayo yaitosha. Nyeupe haibakiwi na kitu. Tena zikiungwa sambamba, nyekundu huzishusha volti hata karibu 2, mwenzake akafa njaa. Nikaiondoa nyeupe.

Kuhusu swichi, shangazi yangu, fundi wa cherehani, aliniambia, "Mwanangu, ya nini kununua? Tumia vifungo vya kubonyeza, vile vya gauni za watoto." Ni nusu mbili za chuma, zikibanwa, umeme hupita. Mtoto akikifunga kizibao taa yawaka, akikivua yazimika. Nilifurahi mno. Betri niliiweka mgongoni karibu na taa, kifungo kikawa kifuani.

Jioni ya tatu alirudi taa imekufa, na pikipiki ilikuwa imempita kwa shubiri moja. Mama hakunisemesha usiku ule.

Betri ilikuwa mpya. Ujazo wake ni kama miliampea-saa 220. Kwa taa ile ni saa 22 kwa hesabu, ingawa kwa kweli hupungua, maana viwanda hupima kwa mkondo mdogo zaidi. Nilitazama mkoba wake nikaelewa. Kizibao kilikuwa kimekunjwa humo mchana kutwa. Kifungo kilikuwa wazi, lakini kutoka betri hadi kifungo ulikuwako uzi wa nusu mita, uchi, wenye umeme. Ulipokunjwa uligusana na uzi wa kurudi, na betri ikamwagika bure.

Nikafumua yote. Mfuko wa betri niliushona kifuani, ubavuni pa kifungo, na kutoka upande chanya hadi kifungo pana uzi wa urefu wa kidole gumba tu, nao nimeufunika kwa kiraka. Kifungo kikiwa wazi, uzi mwingine wote haufikiwi na chanya, ukunjwe utakavyokunjwa. Nyuzi mbili za kwenda na kurudi nimezitenga, moja begani na moja kiunoni, kwa ajili ya jasho na mvua. Sasa betri moja yampatia jioni kumi na tano hivi.

Siku ya kufua, betri hutolewa. Mfuko wake nimeushonea kifuniko kigumu kufungua, kwa kuwa tunaye mtoto mchanga nyumbani. Betri hii ikimezwa na kukwama kooni yaweza kuunguza nyama kwa muda wa saa 2, hata ikiwa imechoka kuwasha taa. Mtoto akiimeza, msingoje itoke yenyewe. Mkimbizeni hospitali saa ile ile.