SOMO LA BARABARA: LORI LIBEBE MAGUNIA MANGAPI?



Mavuno yakishakauka, malori huingia vijijini mwetu kutafuta mahindi. Mengine yanakwenda Songea mjini, mengine yanapanda Njombe na Makambako. Barabarani yanakutana na malori marefu ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilaya ya Mbinga. Barabara ni ileile, na wote tunaitegemea.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: sheria inaruhusu lori liwe na uzito gani, kwa nini uzito ukizidi barabara inakufa mapema, na mkulima afanyeje hesabu yake kabla ya kupakia.

Ekseli ni nini?

Ekseli ni ule mtaimbo wa chuma unaopita chini ya gari na kushika matairi ya kulia na ya kushoto. Lori dogo la mahindi lina ekseli mbili, moja mbele na moja nyuma. Malori makubwa yenye tela yana tano, sita, au saba.

Barabara haijui lori zima. Inajua ekseli, maana ndiyo inayoikandamiza. Kwa hiyo sheria inapima ekseli kwanza, halafu inapima gari zima.

Sheria inasemaje?

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitunga sheria moja ya uzito wa magari mwaka 2016. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Vipimo vyake vikubwa ni hivi:

Ekseli ya mbele, yenye matairi mawili: tani 8.
Ekseli moja ya nyuma, yenye matairi manne: tani 10.
Ekseli mbili za nyuma zilizo pamoja, zenye matairi manane: tani 18.
Ekseli tatu zilizo pamoja, zenye matairi kumi na mawili: tani 24.
Gari zima pamoja na mzigo wake: lisizidi tani 56, hata likiwa na ekseli saba.

Urefu nao una mpaka. Lori na tela lake lisizidi mita 22. Pima hatua kubwa 22 uwanjani, utaona ni gari refu kiasi gani.

Tena, kiwanda kilichotengeneza gari huweka uzito wake. Kama uzito wa kiwanda ni mdogo kuliko wa sheria, fuata ule wa kiwanda.

Magari ya kuanzia tani tatu na nusu, mabasi pia, hupimwa kwenye mizani ya barabarani, kama ule wa Makambako.

Tupige hesabu

Chama cha wakulima kimekodi lori la ekseli mbili. Likiwa tupu, pamoja na dereva na mafuta, lina tani 7. Je, lipakie magunia mangapi ya kilo 100?

Ekseli ya mbele tani 8, ya nyuma tani 10. Jumla ni tani 18.
Toa uzito wa lori tupu: 18 – 7 = 11.
Tani 11 ni kilo 11,000.
Gawa kwa 100: magunia 110.

Basi, magunia 110 ndiyo mwisho.

Sasa angalia lumbesa. Magunia ni yaleyale 110, lakini kila moja limeshindiliwa hadi kilo 120. Mzigo sasa ni kilo 13,200. Lori zima lina kilo 20,200. Limezidi kwa tani mbili na zaidi! Mkulima alihesabu magunia, mzani ukahesabu kilo. Kumbe lumbesa inayomwibia mkulima shambani inamponza tena barabarani.

Jambo jingine ni upangaji. Lori linaweza kuwa na tani 17 tu, chini ya mpaka wa tani 18. Lakini kama mzigo umerundikwa nyuma, ekseli ya nyuma inaweza kubeba tani 12 na ya mbele tani 5. Ya nyuma imezidi kwa tani 2. Gari zima liko sawa, lakini ekseli imevunja sheria. Mwambieni utingo asogeze magunia mbele.

"Ah, magunia kumi tu!"

Utasikia mtu anasema: "Kaka dereva, ongeza magunia kumi tu, barabara haitaona." Barabara inaona sana.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wataalamu walijenga barabara za majaribio. Malori yalizungushwa juu yake siku nyingi, mengine yakiwa na mizigo myepesi, mengine mizito. Walichojifunza ni kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka kidogo, uharibifu huongezeka mno. Tukiichukua ekseli ya tani 10 kuwa ndiyo kipimo chetu, hali huwa karibu hivi:

Tani 12 huharibu mara 2.
Tani 15 huharibu mara 5.
Tani 20 huharibu mara 16.

Yaani uzito ukizidi mara mbili, uharibifu haupandi mara mbili. Unapanda mara kumi na sita. Lami hupasuka, maji ya mvua huingia kwenye ufa, udongo wa chini hulainika, na shimo huzaliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nani analipa?

Wengi husema, "Hayo ni ya mwenye lori." Si kweli. Lori likikutwa limezidi, mwenyewe hutozwa fedha, na mzigo uliozidi hushushwa au hupangwa upya. Lori linakaa. Mahindi yanakaa. Mvua ikinyesha, hasara ni ya nani? Na safari ijayo nauli ya gunia inapanda.

Barabara nayo hutengenezwa kwa fedha zetu. Ukinunua petroli ya pikipiki au dizeli ya mashine ya kusaga, ndani ya bei mna tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Fedha ikiishia kuziba mashimo ya lami, barabara ya udongo ya kijiji chako inangoja.

Wazee wanakumbuka barabara ya Makambako hadi Songea kabla ya kuwekwa lami miaka ya 1980. Safari ya masika ilikuwa ya kulala njiani, kusukuma gari na kutembea kwenye matope. Mgonjwa naye alingoja humohumo. Hatutaki kurudi huko.

Kibali ni cha mzigo gani?

Upo mzigo usiogawanyika. Mfano ni transfoma kubwa ya umeme, au mtambo wa kuchimbia mawe. Huwezi kuukata vipande viwili. Mzigo wa namna hiyo ukizidi uzito, upana au urefu, mwenye gari huomba kibali maalumu kwa mamlaka ya barabara kabla ya safari. Kibali hueleza njia ya kupita na masharti ya kufuata.

Mahindi yanagawanyika. Makaa ya mawe yanagawanyika. Mbao zinagawanyika. Kwa hiyo mtu akikwambia ana kibali cha kuzidisha mahindi, muulize: "Kwa nini hukutumia malori mawili?"

Soma alama

Kwenye daraja unaweza kuona kibao cha duara chenye ukingo mwekundu, ndani kimeandikwa tarakimu na herufi t. Kikiandikwa 10 t, maana yake gari lenye zaidi ya tani 10 lisipite. Wewe unajua kusoma. Msomee na asiyejua, kabla daraja halijaenda na maji.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini sheria hupima ekseli, na si gari zima tu?
2. Lori la ekseli mbili lina tani 6 likiwa tupu. Sheria inaruhusu libebe magunia mangapi ya kilo 100?
3. Kwa nini mahindi hayapewi kibali cha kuzidisha uzito?
4. Kijijini kwenu, nani atasimamia upakiaji msimu ujao? Kamati ipi?

Jibu la swali la 2: magunia 120.