Mchezo wa Kompyuta na Mtoto Mwenye Kisukari

Katika ziara zetu za kukagua mazoezi ya kufundisha, tulimkuta mwanachuo akimzuia msichana wa Darasa la Tano asile kiazi katikati ya kipindi cha hesabu. Msichana yule alikuwa na kisukari, naye alikwisha anza kutetemeka na kutoka jasho. Hakusema neno. Mwanachuo alikuwa akitekeleza kanuni za darasa kama tulivyomfundisha sisi wenyewe, kwa hiyo lawama hatukuweza kumtwika peke yake. Lakini swali lilibaki: mtoto afundishweje hata athubutu kusema, "Mwalimu, sukari yangu imeshuka"?

Jibu moja latoka mahali ambapo walimu wengi hatupapendi, yaani kwenye michezo ya kompyuta. Katika miaka ya 1990 ulitengenezwa huko Marekani mchezo uitwao Packy & Marlon, wa kuchezwa kwa mashine ya Super Nintendo. Tembo wawili wenye kisukari wanakwenda kambini na kukuta panya wameiba chakula na dawa. Kazi ya mchezaji ni kuvirudisha. Lakini wakati huo huo hana budi kupima sukari ya tembo wake, kumchagulia chakula, na kumpa insulini kwa kadiri ipasavyo. Akizembea, sukari hupanda au hushuka kupita kiasi na safari huharibika. Watoto wawili waweza kuucheza pamoja.

Mchezo huo ulijaribiwa kwa watoto na vijana 59 wenye kisukari, wa umri wa miaka 8 hadi 16. Kwa miezi sita baadhi yao walikuwa nao nyumbani, na wenzao walipewa mchezo wa burudani tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Waliopata mchezo wa tembo waliendelea zaidi katika kujitunza na katika kuzungumza na wazazi wao juu ya ugonjwa. Lakini katika kuzijua habari za kisukari makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Hapa twaomba msomaji atue kidogo. Mwalimu anayepima kwa maswali ya karatasi peke yake angalisema mchezo umeshindwa!

Watoto 59 si wengi, wala hatudai kwamba jambo limekwisha thibitishwa kwa kila mahali. Hata hivyo twaona sababu iliyo wazi. Mtoto mgonjwa amezoea kutunzwa na kuamriwa. Katika mchezo yeye ndiye mtunzaji. Anakosea, anaona tokeo la kosa lake papo hapo, anaanza tena, na hakuna aliyedhurika. Tena anapata tembo wa kumzungumzia, na kumzungumzia tembo ni rahisi kuliko kujizungumzia mwenyewe. Yule msichana wa kiazi alikuwa akiujua ugonjwa wake kuliko mwalimu wake. Alichokosa ni mazoea ya kuutaja.

Shule yenye kompyuta na itafute mchezo wa namna hiyo. Isiyo nayo yaweza kuiga muundo wake kwa kadi za maboksi. Wanafunzi wawili wawili wamtunze mnyama mmoja kwa siku nzima: amekula asubuhi, amepigwa sindano, amecheza mpira, chakula cha mchana kimechelewa, sasa anatetemeka. Afanyiwe nini? Kadi ya "apewe soda yenye sukari upesi, na mtu mzima aitwe" imwendeleze mbele. Kadi ya "angoje kengele" imrudishe nyuma, na wachezaji waeleze kwa sauti kwa nini. Kueleza huko ndiko somo lenyewe, na mwalimu asiwe na haraka ya kuwajibia.

Kiasi cha insulini kisiandikwe kwenye kadi kamwe, kwa kuwa kila mtoto ana kiasi chake alichopangiwa na daktari, na watoto huiga. Wala mtoto mwenye kisukari asisimamishwe mbele ya wenzake kuwa kielelezo. Acheze kama mchezaji mwingine ye yote. Akipenda kusema habari zake, atasema. Na kabla ya mchezo kuanza, mwalimu na atangaze kwamba mwenye kisukari ana ruhusa ya kula darasani wakati wo wote sukari yake inaposhuka, hata katika kipindi cha hesabu.