AKILI SI KINASA SAUTI

Tangu kale watu wameeleza akili kwa kuilinganisha na vyombo vya siku zao. Plato, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifananisha kumbukumbu na bonge la nta linalopigwa mhuri. Descartes, katika karne ya 17, alilinganisha mishipa ya fahamu na mabomba ya maji yaliyoendesha sanamu katika bustani za wafalme wa Ufaransa. Baadaye ikaja simu, na leo ni kompyuta.

Mifano hiyo husaidia, lakini mfano si kitu chenyewe. Mimi nilifundisha chuoni kwamba kumbukumbu ni kama kinasa sauti. Kwa imani hiyo nilimwadhibu kijana mmoja kwa uongo, kwa kuwa maelezo yake ya pili hayakulingana na ya kwanza.

Baadaye nilisoma kazi ya Frederic Bartlett wa Cambridge, ya mwaka 1932. Aliwapa watu hadithi waisome, kisha waisimulie tena na tena. Walipunguza, wakageuza, bila nia ya kudanganya. Kukumbuka ni kujenga upya, wala si kurudisha mkanda nyuma. Kijana yule sikupata kumwomba radhi.

Basi, ndugu wawili wakitofautiana juu ya mpaka wa shamba au maneno ya marehemu, tusiharakishe kumwita mmoja mwongo. Tuwasikilize wote wawili, tutafute na ushahidi mwingine.

Swali la kujadiliana: Je, ni nani tuliyemhukumu hivyo, naye yu hai bado?