Ibn al-Nafis, Tabibu na Faqihi

Katika somo letu la leo twapenda kumtaja Sheikh Alauddin Ali al-Qurashi, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Nafis. Alizaliwa nchi ya Sham mwanzoni mwa karne ya 13, akasoma utabibu Damascus kwa al-Dakhwar, kisha akahamia Misri. Huko Cairo alitibu wagonjwa na papo hapo akisomesha fikihi ya Kishafi katika madrasa ya Masruriyya. Basi ni mtu wa madhehebu yetu haya tuyafuatayo pwani.

Jalinusi, tabibu wa Kiyunani, alidai kuwa damu hutoka chumba cha kulia cha moyo ikaingia cha kushoto kwa kupenya vitundu visivyoonekana katika kiambaza kilicho baina yao. Kauli hiyo ilipokelewa zaidi ya miaka elfu. Hata Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake, aliifuata. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, umri wake yapata miaka 30, aliisherehesha tashrihi iliyomo katika Qanun ya Ibn Sina, akaandika wazi kuwa kiambaza kile ni kizito, hakina tundu lionekanalo wala lisiloonekana. Damu huenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikaingia chumba cha kushoto. Hakumtukana Ibn Sina. Alimsahihisha ndani ya sherehe ya kitabu chake mwenyewe. Twalieleza hili kwa kuwa wako kati yetu wadhanio kuwa kumheshimu mwanachuoni ni kutoihoji kauli yake.

Alikufa Cairo mwaka 1288. Yasimuliwa kuwa katika maradhi yake ya mwisho matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo uwe dawa, akakataa kukutana na Mola wake hali tumboni mwake mna pombe. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri.

Watu wetu hupenda kujigamba barazani kuwa Waislamu ndio waliogundua mzunguko wa damu. Tuseme kweli: Ibn al-Nafis alieleza njia ya damu baina ya moyo na mapafu, mzunguko wa mwili mzima aliuthibitisha Mwingereza, William Harvey, mwaka 1628. Na hiyo sherehe yenyewe tuliisahau. Aliyeuzindua ulimwengu ni tabibu wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, katika tasnifu yake ya mwaka 1924 huko Ujerumani, na nakala aliyoisoma ilikuwa katika maktaba ya Berlin.