Krismasi ya Mtoto Aliye Japani



Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama hapa Ainabkoi tukitaka kuzungumza juu ya mbegu za viazi na akiba ya mwisho wa mwaka. Lakini mama mmoja alisimama akasema moyo wake hauko kwa viazi. Mwanawe aliye Japani hakupiga simu siku ya Krismasi. Mbuzi alikuwa amechinjwa, nyumba imejaa wageni, na kila aliyeingia aliuliza, "Na yule wa Japani amesemaje?" Simu ilikuja tarehe 2 Januari. Kufikia hapo mama alikuwa ameshaamua kwamba kijana ameacha kanisa, au ameanza kuringa. Wenzake wakatikisa vichwa. Viazi tukaviacha siku hiyo.

Basi tufundishane. Wengi wenu mna mtoto, mpwa au jirani aliyekwenda huko kwa miguu yake, maana yake kwa kukimbia. Njia hiyo si ya jana. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka 1983, na mwaka 1987 akawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Roma. Joseph Otwori alikimbia mbio za vyuo za Hakone mwaka 1989, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Yamanashi Gakuin. Samuel Wanjiru aliingia sekondari ya Sendai Ikuei mwaka 2002 akiwa kijana mdogo, na mwaka 2008 akaleta dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. Paul Tanui, aliyepata fedha katika mita 10,000 kule Rio mwaka 2016, alikuwa mkimbiaji wa kampuni ya Kyudenko. Hao ndio wanaojulikana. Wako wengi ambao majina yao tunayajua sisi tu, kwa sababu ndio wanaolipa karo hapa kijijini.

Sasa, Krismasi huko ikoje? Mgeni akifika Disemba atadhani amefika nchi ya Wakristo. Taa zimejaa barabarani, nyimbo zinapigwa madukani. Jioni ya tarehe 24 watu hununua keki nyeupe yenye krimu na stroberi, na kuku wa kukaanga wa KFC, ambao wengi huwaagiza mapema. Hiyo desturi ya kuku ilitokana na matangazo ya kampuni yenyewe, tangu mwaka 1974. Kwa vijana ni jioni ya kutoka na mchumba. Lakini tarehe 25 si sikukuu ya serikali. Watoto wenye masomo wanakwenda shule, wazazi wanakwenda kazini. Wakristo katika Japani ni kama mtu mmoja kwa kila mia. Kijana wetu akimwambia nahodha wa timu, "Leo ni Krismasi," nahodha atajibu kwa heshima kabisa kwamba ndiyo, na mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi.

Ile sikukuu ya kurudi nyumbani, ambayo kwetu hujaza matatu na kupandisha nauli, wao wanayo pia, ila huja wiki moja baadaye. Ni Mwaka Mpya. Ofisi nyingi hufungwa kuanzia kama tarehe 29 Disemba hadi tarehe 3 Januari. Nyumba husafishwa mpaka pembeni, kadi hutumwa kwa jamaa na marafiki, treni hujaa watu wanaokwenda kwa wazazi. Usiku wa tarehe 31 hula tambi, na kwenye mahekalu kengele hupigwa mara 108. Watoto hupewa pesa ndani ya bahasha ndogo. Ukiangalia vizuri, huyu ni Mjapani anayefanya yale yale tunayofanya sisi kwa mbuzi na chapati.

Na hapo ndipo penye uchungu wa mtoto wetu. Siku yake hakuna anayeijua, na siku ya wenyeji yeye yuko kazini. Wajapani wanapenda sana mbio za kupokezana za masafa marefu, ziitwazo ekiden. Badala ya kijiti, mkimbiaji huvaa kitambaa begani, kinaitwa tasuki, na humpa mwenzake anayengoja mbele. Mbio kubwa za makampuni hukimbiwa tarehe 1 Januari mkoani Gunma, watu saba kwa timu, kama kilomita 100. Zile za Hakone ni tarehe 2 na 3. Za sekondari hukimbiwa Kyoto mwishoni mwa Disemba. Mwaka 2022 ziliangukia tarehe 25 yenyewe. Katika mbio za tarehe 1 kila timu huruhusiwa mkimbiaji mmoja tu wa kigeni. Fikirini uzito huo. Kampuni imemlisha mwaka mzima, na siku ya kuonyesha kazi yake ni hiyo, taifa zima limekaa mbele ya televisheni. Kwa hiyo tarehe 25 kijana yuko kambini. Analala mapema, na pengine simu ameizima.

Hakuwa amemsahau mama. Tulipomweleza, mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hakuniambia?" Swali zuri. Tunadhani vijana hawasemi kwa sababu wanaona aibu kukiri kwamba wako peke yao, baada ya sisi kuwasindikiza kwa nyimbo na harambee. Na sisi, tuseme ukweli, simu yetu ya Krismasi mara nyingi huanza na salamu na kuishia kwa karo ya Januari. Kijana anayejua swali linalokuja huchelewa kupokea. Hatusemi msiombe. Ombeni mwezi wa kumi na moja, au baada ya mbio.

Kuna jambo lingine lililoulizwa kikundini, nalo ni gumu. Mwanzo wa mwaka timu nyingine huenda pamoja kwenye madhabahu ya Kishinto kuomba ushindi. Kijana Mkristo afanye nini? Someni pamoja Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10, na msikimbilie jibu. Maoni yetu ni kwamba aongee na kocha mapema, faraghani, aseme kwamba atasimama na wenzake lakini hataomba. Kukataa ghafla mlangoni, mbele ya watu wote, huko ni kumvunjia mwenyeji heshima, na Mjapani hulihisi sana jambo hilo. Akielezwa mapema, mara nyingi huelewa.

Tena kijana asidhani yeye ndiye Mkristo wa kwanza kuwa peke yake huko. Fransisko Ksaveri alifika Kagoshima mwaka 1549. Baadaye wakuu wa nchi waliogopa dini ya wageni. Mwaka 1597 watu 26 walisulubiwa Nagasaki, na mwaka 1614 Ukristo ukapigwa marufuku nchi nzima. Marufuku hayo yalidumu mpaka mwaka 1873. Muda wote huo familia za wakulima na wavuvi karibu na Nagasaki zilishika imani kwa siri, bila padri, wakibatiza wenyewe na kuhesabu sikukuu kwa kalenda waliyorithi. Mwaka 1865 baadhi yao walijitokeza mbele ya padri Mfaransa katika kanisa la Oura. Zaidi ya miaka 200 walikuwa na Krismasi isiyo na taa, isiyo na wimbo wa kusikika nje.

Tukirudi hapa kwetu. Kabla mtoto hajatia sahihi mkataba, muulizeni ajenti likizo ni lini, maana wengi hufika wakidhani Disemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Familia moja tunayoijua huacha mbuzi mmoja asichinjwe Disemba. Humchinja kijana akija, hata kama ni Aprili na mvua imeanza, na mchungaji huitwa. Majirani walicheka mwaka wa kwanza. Siku hizi wanakuja na sufuria.

Na mjue saa. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Mkitaka salamu zimfikie usiku wa manane wa Krismasi, zitumeni tarehe 24 saa kumi na mbili jioni, ng'ombe wakiwa wanakamuliwa. Wanakwaya waimbe wimbo mmoja, mtu arekodi kwa simu, utumwe bila maneno mengine. Atausikiliza akipata nafasi.

Zile mbio za makampuni huanza saa tatu na robo asubuhi kwao. Kwetu ni saa tisa na robo usiku, ambapo kesha la Mwaka Mpya limeisha na watu wanatembea kwenye baridi kurudi nyumbani. Kikundi kijadili: je, wako watu watatu au wanne wanaoweza kubaki kanisani na yule mama mpaka saa hiyo? Chai iwe kwenye thamosi.